Mkazo: elementi finiti na hesabu za mkono

Kulinganisha mkazo uliotolewa na programu ya elementi finiti na ule uliokokotolewa kwa mkono ni hatua ya lazima katika uhandisi wa miundo. Programu hugawa umbo katika vipande vidogo vilivyoungana kama wavu, kisha hutatua milinganyo ya vipande vyote kwa pamoja; karatasi hutegemea kanuni za boriti, bamba na mabomba. Wengi huichukulia kazi hii kama kusahihisha mtihani, majibu yakiwa tayari upande mmoja. Mimi naiona kama kusikiliza mashahidi wawili: wakipishana, kuna sababu, na mhandisi asitie sahihi kabla hajaijua.

Chukua boriti ya chuma iliyoshikwa ukutani upande mmoja: urefu milimita 1,000, upana 50, kimo 100, na mzigo wa kilonewtoni 5 kwenye ncha. Karatasi inatoa mkazo wa megapaskali 60 penye ukuta, 30 katikati, na ncha kushuka milimita 2. Programu iliyopewa safu moja tu ya vipande sahili vya pembe nne itaonyesha ncha ikishuka kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu vipande hivyo haviwezi kujikunja. Boriti inaonekana ngumu kuliko ilivyo. Ukiongeza safu, jibu husogea kwenye 2. Lakini kwenye kona penye ukuta hali ni nyingine: kadiri vipande vinavyopunguzwa ndivyo mkazo unavyopanda, wala hautulii, maana kona kali iliyobanwa kabisa haina kikomo kihesabu. Anayelinganisha pale anajisumbua bure. Alinganishe katikati, penye 30.

Wapo wanaosema vifaa halisi si boriti, kwa hiyo karatasi haina la kusema. Hata kifaa chenye umbo gumu kiasi gani lazima nguvu zake zilingane, na jumla ya nguvu kwenye viegemeo hupatikana kwa dakika chache. Hoja nzito zaidi ni kwamba karatasi nayo hukosea, na hilo ni kweli. Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba tundu la duara kwenye bamba pana mno linalovutwa huzidisha mkazo mara tatu. Bamba likiwa jembamba, mkazo huo huvuka mara tatu ya ule wa mbali na tundu. Hapo programu ndiyo inayoisahihisha karatasi.

Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A ulipasuka ukijaribiwa majini katika Gandsfjorden, karibu na Stavanger, Norwei, ukazama. Hasara ilifika takriban dola milioni 700. Wavu usiofaa kwenye kuta za vyumba vya pembetatu ulikuwa umepunguza mkazo wa kukata kwa asilimia 47. Uchanganuzi makini wa elementi finiti uliofanywa baadaye ulikadiria kuta kupasuka kwenye kina cha mita 62. Zilipasuka kwenye 65. Mbinu, basi, haikuwa na hatia. Maji ya kina hicho husukuma ukuta kwa takriban kilopaskali 650, na nusu ya mzigo huenda kila ncha: mistari michache ya kalamu. Nondo za kuta zile zilipangwa kwa namba iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ambayo mistari hiyo ingedai.