Safari Mbili za Jiwe Moja



Tunapodondosha jiwe kisimani na kuhesabu hadi tusikie kishindo chake, twadhani tumepima muda wa kuanguka. La hasha! Ndani ya hesabu hiyo zimo safari mbili: jiwe hushuka, kisha sauti hupanda kuturudia. Katika karne ya 17, watawa wa Kanisa walikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuzipima safari zote mbili.

Wa kwanza ni Marin Mersenne (1588–1648), mtawa wa shirika la Waminimi huko Ufaransa. Akihesabu muda kati ya mwako wa bunduki na mlio wake, alipata kwamba sauti huenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Akitumia mwangwi, alipata kama mita 320. Leo twajua kuwa ni kama mita 340, kadiri ya joto la hewa.

Wa pili ni Padre Giovanni Battista Riccioli wa Bologna, Italia, pamoja na mwenzake Francesco Maria Grimaldi, Wajesuiti wote wawili. Kwa kukosa saa ya kuaminika, walitumia uzito uliofungwa uzini ukibembea. Mwaka 1642 Wajesuiti tisa walihesabu mibembeo hiyo mchana na usiku, saa 24 mfululizo, ili wajue kila mmoja una muda gani. Pia walidondosha matufe kutoka mnara wa Asinelli, wenye kimo cha mita 97 hivi.

Natuupige hesabu mnara huo. Tukiacha ukinzani wa hewa, kimo ni 4.9 mara muda mara muda. Basi tufe huchukua sekunde 4.45 kufika chini. Sauti huhitaji 97 gawanya kwa 340, yaani sekunde 0.29, kurudi juu. Aliye kileleni atasikia kishindo baada ya sekunde 4.74. Akidhani muda wote huo ni wa kuanguka, atasema mnara una mita 110: amezidisha mita 13! Kosa la chini ya theluthi ya sekunde tu.

Lakini palikuwa na jambo zito zaidi ya hesabu. Galileo alikuwa amehukumiwa mwaka 1633, naye Riccioli alitetea kwamba dunia haizunguki, akaitilia shaka kanuni ya Galileo ya kuanguka kwa vitu. Mnara ulimjibu kinyume: katika vipindi sawa, masafa hukua kama 1, 3, 5, 7, sawasawa na alivyosema Galileo. Riccioli angeweza kunyamaza. Badala yake aliyachapisha matokeo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1651, ingawa kuhusu mwendo wa dunia alibaki upande uliokosea.

Kumkubalia mpinzani pale anaposema kweli ni unyofu mgumu kuliko hesabu yoyote. Nasi, tunaposikia kishindo cha habari, tujiulize kwanza: je, imesafiri umbali gani hata kutufikia?