Walinzi wa Seli: Historia ya Protini Mbili na Chanjo Inayofika Bwera

Mwezi Juni 2019 virusi vya Ebola vilivuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, na jina la Bwera likasikika duniani kote. Lakini kuna virusi vingine ambavyo havisubiri kuvuka mpaka, kwa kuwa viko pande zote mbili tangu zamani. Hivyo ni virusi vya papiloma, vinavyojulikana kama HPV. Haviwalazi watu kwa homa. Kwa wengi hutoweka vyenyewe, lakini kwa baadhi ya wanawake hukaa kimya na baada ya miaka 15, 20 au zaidi huleta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Insha hii inaeleza jinsi wanasayansi walivyogundua kile ambacho virusi hivi hufanya ndani ya seli, na kwa nini historia hiyo inamhusu mzazi wa Kasese anayeulizwa kama binti yake achanjwe.

Kwa muda mrefu watafiti wengi walidhani kwamba seli huwa ya saratani kwa sababu imeongezewa kitu kibaya. Mwaka 1969 Henry Harris na wenzake waliunganisha seli za saratani za panya na seli zenye afya. Seli zilizotokana na muungano huo ziliacha kuotesha uvimbe. Maana yake ni kwamba seli yenye afya ina kitu kinachozuia, na saratani hutokea kitu hicho kinapopotea. Mwaka 1971 Alfred Knudson alichunguza saratani ya jicho la watoto akaeleza kwamba kila seli ina nakala mbili za jeni inayozuia, na ni lazima zote mbili ziharibike ndipo uvimbe uanze. Jeni hiyo ilipatikana mwaka 1986, na protini yake inaitwa Rb. Kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike kabla ya wakati.

Protini ya pili, p53, ilijulikana mwaka 1979, lakini kwa miaka kumi ilihesabiwa kuwa mkosaji. Sababu ni kwamba nakala zilizotumika maabara zilikuwa tayari zimeharibika. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kwamba p53 nzima huzuia uvimbe. Tunaweza kuilinganisha na ofisa wa forodha pale Mpondwe. Lori lenye hati zenye kasoro halipiti. Linasimamishwa hadi hati zirekebishwe, na zisiporekebishika, safari inaishia hapo. Vivyo hivyo p53 huisimamisha seli ambayo DNA yake imeharibika ili irekebishwe, na ikishindikana huiamuru ife.

Katika saratani nyingi ofisa huyu huharibiwa yeye mwenyewe. Kwa mfano, sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, huiharibu jeni ya p53 mahali maalumu katika seli za ini. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1991 kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika na China.

Saratani ya mlango wa kizazi ina njia tofauti. Mwaka 1983 kundi la Harald zur Hausen nchini Ujerumani lilitangaza kupata aina ya 16 ya HPV ndani ya saratani hiyo, na miongoni mwa vipande vya nyama walivyopima vilikuwemo vya wagonjwa kutoka Kenya na Brazili. Muda mfupi baadaye ilionekana kwamba virusi hivi vina protini mbili, E6 na E7. E7 huikamata Rb, nayo E6 huipeleka p53 ikavunjwevunjwe. Kwa kawaida jeni za mwanamke ni nzima na seli yake inaendelea kutengeneza walinzi, ila wanaharibiwa kila wanapotengenezwa. Ushahidi ulipatikana katika seli za HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks wa Marekani mwaka 1951. Watafiti walipozima E6 na E7, walinzi walirudi kazini na seli zikaacha kugawanyika.

Hapa ndipo historia inapokutana na uvumi. Wapo wanaosema kwamba chanjo ya HPV inaleta saratani yenyewe au inafunga uzazi. Chanjo hiyo imetengenezwa kwa protini ya ganda la nje la virusi peke yake. Ndani ya ganda hamna jeni, kwa hiyo hamna E6 wala E7. Haina kitu cha kumshika mlinzi yeyote, na haigusi uzazi. Inaufundisha mwili kulitambua ganda na kuvizuia virusi kabla havijaingia ndani ya seli. Uganda iliijaribu katika wilaya za Ibanda na Nakasongola kuanzia mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanza kuitoa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 10.

Chanjo haiponyi aliyekwisha ambukizwa, ndiyo maana mama zetu na dada zetu wakubwa bado wanahitaji kupimwa, hata kwa kipimo rahisi cha siki kinachoonyesha mabadiliko mapema. Kuchelewa kuna gharama kubwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini iliharibika, na nyingine ilianza kazi mapema mwaka 2018. Mgonjwa wa Bwera, ambaye tayari yuko karibu kilomita 400 kutoka Kampala, alikuwa na njia chache sana za kupata tiba hiyo.

Kwa maoni yangu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili. Sokoni Mpondwe watu wa pande mbili za mpaka huelewana kwa Kiswahili, na uvumi nao husafiri kwa lugha hiyohiyo. Maelezo ya Rb, p53 na ganda lisilo na jeni yanaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi ambacho mama muuza samaki atakielewa. Akielewa, ataamua kuhusu binti yake kwa kujua.