Sauti Ile Si ya Ngereza

Wasee, leo nina kosa la kukiri, na kosa lenyewe liko kwa wimbo unaoitwa Sina Makosa. Chekeni sasa, halafu tuendelee.

Mwaka juzi nilipakia video ya dakika mbili kuhusu Les Wanyika. Nikasema, bila kupepesa macho, kwamba sauti ile nzito inayofungua Sina Makosa ni ya John Ngereza. Video ikatazamwa mara elfu tisini. Kwa ukurasa wangu, ambao kawaida hupata watu mia tatu na mmoja wao ni binamu yangu, hiyo ilikuwa Krismasi. Miezi michache baadaye nikaikuta ile sentensi yangu, neno kwa neno, kwa ukurasa wa mtu nisiyemjua. Kisha mtangazaji fulani akaisoma redioni Jumapili, kwa kipindi cha zilizopendwa. Nikampigia mama simu nikamwambia mtoto wake ni mwanahistoria.

Ilikuwa uongo. Anayeimba pale ni Issa Juma.

Kwa wale wageni hapa: naishi Jericho, kwa nyumba ya kaunti aliyopangishwa babu zamani ikiwa bado ya City Council. Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ikikataa, inakataa. Babu alipoaga aliacha chini ya kitanda katoni ya sabuni yenye sahani 58, zile ndogo za mizunguko 45. Nyanya alitaka katoni iende kwa mtu wa vyuma kuukuu, ndipo nikamwambia hiyo plastiki haina hata bei. Kati ya hizo 58, kumi na tisa zilikuwa na neno Wanyika kwa lebo. Sikujua kama ni bendi moja, mbili au tano. Kutafuta jibu ndiko kulizaa hii kumbukumbu ninayoiendesha kwa simu, picha za lebo moja baada ya nyingine.

Ukweli ni kwamba ni bendi kadhaa, na zote zinatoka kwa ndugu wawili wa Tanga: Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Walianzia Jamhuri Jazz kwao Tanga, wakapita Arusha, na mwaka 1971 wakafika Mombasa na kujiita Simba Wanyika. Baadaye wakaingia Nairobi.

Kwa nini Nairobi? Hapa ndipo Wakenya na Watanzania hunyang'anyana bendi kama watu wanaogombania marehemu. Tanzania ya wakati huo ilikuwa na wanamuziki wa kutosha kugawia majirani, lakini haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukapigwa hewani, nchi nzima ikaujua, na mpiga gitaa akabaki na umaarufu wake mfukoni bila senti. Nairobi ilikuwa na studio, kiwanda, kampuni kubwa za nje na maduka ya River Road. Ukitaka wimbo wako uwe kitu mtu anaweza kununua na kubeba nyumbani, ulivuka mpaka. Gitaa la Tanga, mashine ya Nairobi. Mimi huwa nawaambia watu wa pande zote mbili watulie, maana bila mmoja wao hiyo katoni ya babu ingekuwa na sabuni tu.

Sasa tazameni tarehe, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda kuziona zikiwa pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya kufungwa huko, mwaka 1978, kundi zima la wapigaji wa Simba Wanyika lilitoka kwa mpigo: gitaa la ridhimu la Omar Shabani, yule aliyeitwa Profesa, besi ya Tom Malanga, ngoma za Rashid Juma na wengine. Wakamchukua Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa tayari anapiga muziki Kenya, wakafanya mazoezi kwa miezi, wakaibuka kama Les Wanyika.

Stori ya mtaani husema waligombana kwa wivu. Labda. Bendi gani haina wivu? Lakini mimi naona hivi: ukigombana na bosi wako na barabara ya kurudi kwenu iko wazi, unaenda kwenu. Barabara ikiwa imefungwa, unabaki mji uleule, unatafuta wenzako waliokwama kama wewe, na mnaanzisha kitu. Mti wa Wanyika ulichipua matawi mengi hivyo hapa Nairobi na si Tanga, na sidhani ni tabia za watu peke yake.

Na hilo neno Les? Ni Kifaransa, kwa bendi ya Waswahili. Lakini Nairobi ya wakati ule ilikuwa imejaa wanamuziki wa Zaire, na Les Mangelepa walikuwa wametoka kwa Baba Gaston mwaka 1976 na kuuteka mji. Kuweka Les mbele ya jina ilikuwa kama msee wa leo kuweka Lil. Jina Wanyika lenyewe hawakuliacha, kwa sababu ndilo lililokuwa likiuza.

Sina Makosa ikatoka mwaka 1979 na ikafunika kila kitu. Issa Juma hakukaa sana. Alijitenga mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye akabeba jina: Super Wanyika, Super Wanyika Stars, Wanyika Stars, kila lebo na lake. Kwa hizo kumi na tisa za babu, nne ni za Issa Juma, na hakuna mbili zenye jina la bendi linalofanana. Ndiyo maana nyimbo za Les Wanyika leo zimepakiwa kwa jina la Simba Wanyika, na za Issa zimewekwa picha ya Wilson. Na ndiyo maana kijana wa Jericho mwenye haraka ya watazamaji alisoma Les Wanyika, akajua kwamba Ngereza ndiye aliyekuja kuwa kiongozi na sura ya bendi, akajaza pengo kwa kichwa chake.

Aliyenishika ni mzee mmoja wa hapa kwetu, fundi viatu karibu na soko, ambaye ujanani alikuwa akivaa suti kwenda kuwatazama Garden Square pale mjini. Mjukuu wake alimwonyesha video yangu. Nilipopita siku hiyo akaniita.

"Kijana, huyo wa video ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo si Ngereza."

Nikaanza kubishana, nikamwambia nimefanya utafiti. Hakukasirika. Aliendelea kushona soli, akaniambia nikaskize Sigalame, halafu Amigo, halafu nirudi.

Fanyeni hivyo hata nyinyi, ni bure. Sigalame ni ya Issa Juma na Super Wanyika Stars, hakuna anayebisha. Amigo ni Ngereza. Kisha weka Sina Makosa. Sauti ya Issa inatoka chini kabisa, kama mtu anayeongea akiwa amekaa. Ya Ngereza ni nyepesi, inaelea juu ya gitaa. Sekunde kumi zinatosha. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa arobaini na sikuwa nimeskiza hata mara moja kwa masikio ya kulinganisha. Nilirudi kwa mzee siku iliyofuata na chai na mandazi. Hakusema niliambia. Alisema mandazi ni ya jana.

Alinifunza kitu kingine pia. Sahani ndogo hubeba dakika nne tano tu kila upande, na nyimbo hizi ni ndefu, kwa hivyo kampuni ilizikata katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Upande wa kwanza unapewa hadithi, mashairi, malalamiko. Ukigeuza, magitaa yanaachiliwa, na hapo ndipo watu walikuwa wanainuka kucheza. Sasa watu wengi waliopakia nyimbo hizi mtandaoni wamepakia upande wa kwanza tu. Kuna vijana wenzangu wanaodhani zilizopendwa ni muziki wa kukaa na kusikitika. Wameskiza nusu.

Nilitengeneza video ya kurekebisha. Nikaeleza yote, nikaweka sauti tatu moja baada ya nyingine. Hadi leo imetazamwa mara elfu moja na mia moja. Ile ya uongo bado inatembea. Niliifuta kwangu, lakini nakala zake ziko kwa kurasa ambazo hata sijui wenyewe ni nani, na juzi dereva wa matatu ya kuelekea mjini alinihakikishia kwamba ni Ngereza, alisikia redioni. Nilishuka kabla ya stejini yangu, aki.

Kinachoniuma ni kwamba Issa Juma hawezi kujitetea. Kiharusi kilimkatiza mwishoni mwa miaka ya 1980. George Kinyonga alikufa 1992, Wilson 1995, na Simba Wanyika ikaisha nao. Omar Shabani 1998, Ngereza 2000. Wote walikuwa wameenda kabla mimi sijazaliwa. Ngereza mwenyewe sijamsaidia kwa kumpa sauti ya mwenzake, alikuwa na yake ya kutosha.

Na mitaa yetu hii ya zamani inabomolewa kupisha maghorofa. Watu wakihama wanabeba kitanda, jiko na televisheni. Katoni za chini ya kitanda zinaachwa. Mwezi jana nilipata sahani sita kando ya mtaro, zimelowa, lebo zimetoka. Ile ya juu ilikuwa na namba iliyochongwa kwa plastiki karibu na katikati, hiyo haitoki na maji, kwa hivyo nimeipiga picha na ninaitafuta ni ya wimbo gani.

Kama kwenu kuna sahani yenye neno Wanyika, lolote lile, siitaki. Baki nayo. Nitumie tu picha ya lebo, pande zote mbili, na hiyo namba iliyochongwa. Na kama nyumbani kuna mzee aliyekuwa akienda Garden Square, mwekee Sina Makosa, umuulize nani anaimba, usimwambie kwanza.