Talking Heads walipoingia kwenye mdundo wa Fela

Oktoba 1980, Talking Heads walitoa albamu yao ya nne, Remain in Light, na mashabiki wao wa zamani wakapata kazi ya kuizoea. David Byrne, Tina Weymouth, Chris Frantz na Jerry Harrison walikuwa wamejijengea jina New York, katika klabu ya CBGB, kwa roki kavu yenye magitaa ya mkato. Safari hii mdundo ndio ulioshika usukani.

Dalili zilikuwapo tangu 1979. Wimbo "I Zimbra", unaofungua albamu ya Fear of Music, tayari ulikuwa umeegemea ngoma za Afrika. Byrne na prodyuza wao, Brian Eno, walikuwa wamekolea muziki wa Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, hasa albamu yake ya Afrodisiac ya mwaka 1973.

Bendi ikaenda Nassau, Bahamas, kwenye studio za Compass Point, bila nyimbo zilizokamilika. Hapo ndipo penye utamu wa historia hii. Walipiga pamoja, wakasikiliza kanda, wakachagua vipande vifupi vilivyonoga, kisha kila mmoja akakirudia kipande chake tena na tena kwa mkono wake. Sikiliza besi ya Weymouth katika "Once in a Lifetime": noti chache tu, na kati yake nafasi tupu ambamo vinanda na gitaa vinajipenyeza. Wimbo haupandi wala haushuki kama roki ya kawaida. Unajaa na kupungua kadiri ala zinavyoingia na kutoka. Aliyekulia kwenye ngoma, ambako chapuo ina lake na vumi ina lake, hahitaji kuelezwa.

Maneno yalikuja mwisho. Kwa "Once in a Lifetime" Byrne alichota mwenendo wa sauti za wahubiri wa redioni Marekani.

Kuupeleka muziki huo jukwaani, watu wanne hawakutosha. Waliongezwa wengine, akiwemo Bernie Worrell, mpiga kinanda wa Parliament-Funkadelic, na mpiga gitaa Adrian Belew. Ndani ya bendi, hata hivyo, kulizuka mvutano kuhusu majina ya watunzi kwenye jalada, na kwa maoni yangu Weymouth na Frantz walikuwa na haki ya kulalamika: muziki uliozaliwa kwa kupiga pamoja ni wa wote waliopiga.

Kwa jambo moja naipa bendi hiyo heshima kubwa. Waandishi wa habari waligawiwa orodha ya vitabu kuhusu muziki na utamaduni wa Afrika, kwa hiyo chimbuko halikufichwa. Mwaka 2018 Angélique Kidjo wa Benin aliirekodi upya albamu nzima, akaongeza lugha za Afrika na tarumbeta, na miongoni mwa waliompigia dramu alikuwa Tony Allen, yule yule aliyempigia Fela katika Afrodisiac.