Spencer Tracy
Spencer Tracy (Milwaukee, 5 Aprili 1900 – Beverly Hills, 10 Juni 1967) alikuwa mwigizaji wa filamu kutoka Marekani. Alianzia jukwaani, akaingia Hollywood mwaka 1930. Alishinda Tuzo ya Oscar mara mbili mfululizo, kwa Captains Courageous (1937) na Boys Town (1938). Katika Stanley and Livingstone (1939) aliigiza nafasi ya Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyefuata njia ya misafara kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, aliyeigizwa na Cedric Hardwicke.