Nuru ya Picha na Macho ya Lenzi

Tukiona picha ya zamani ambayo nyuso za watu ni nyeusi tii, bila macho wala pua, twailaumu filamu. Kumbe mara nyingi kosa lilikuwa katika kupima nuru.

Leica, kamera ndogo ya Kijerumani, ililetwa sokoni mwaka 1925. Tangu 1930 lenzi zake ziliweza kubadilishwa, na mwaka 1932 ikapata chombo cha kupimia umbali. Mwaka huo huo kampuni ya Weston ya Marekani ilitoa kipima-nuru cha seleni: nuru ikiiangukia seleni huzaa umeme, na umeme husogeza sindano. Mwaka 1936 kipima-nuru cha namna hiyo kiliwekwa ndani ya Contax III.

Lakini jicho la kipima-nuru lilikuwa mbali na lenzi. Lenzi ya milimita 28 huona mahali papana, ya 135 huona uso tu; kipima-nuru kiliona vile vile sikuzote. Tuseme wanafunzi wamepangwa mbele ya shule ya Wamethodisti huko Mulungwishi, karibu na Likasi, wamevaa mashati meupe, na mbingu yang'aa nyuma yao. Mpiga picha asimama mbali, amlenga mwalimu kwa lenzi ndefu. Sindano imeona mashati na mbingu, yasema nuru ni tele. Basi apunguza tundu la lenzi, na uso wa mwalimu wazama gizani.

Mwaka 1971 Leica M5 ilianza kupima nuru iliyokwisha kupita katika lenzi. Mwaka 1984 ikafuata M6, yenye doa jeupe la milimita 12 juu ya pazia lake, kama asilimia 13 ya picha nzima. Lenzi ikibadilishwa, eneo linalopimwa labadilika pamoja nayo.

Je, shida imekwisha? La. Sindano haitambui uso wala shati. Kila kitu hukidhani cha kijivu. Kwa hiyo fundi mwenye busara husogea, hupima uso wenyewe, na ukiwa mweusi hupunguza nuru kidogo. Kazi hiyo ni ya nukta chache tu, lakini huenda picha ile ndiyo pekee ambayo wajukuu watamwona babu yao.