Kilichokuja Baada ya Parabeni

Mwaka juzi mikono yangu ilianza kuwasha, halafu ikapasuka katikati ya vidole. Mama alisema ni ile sabuni ya vyombo. Mimi sikumsikia. Nikaenda kununua losheni ya bei, imeandikwa mbele kwa herufi kubwa "bila parabeni", nikajipaka asubuhi na jioni. Mikono ikazidi kuharibika.

Daktari wa ngozi alinibandika vibandiko mgongoni Jumatatu, akavitoa Jumatano, akaniambia nirudi Ijumaa. Kipimo hiki ni cha zamani. Kilianzishwa na Josef Jadassohn, daktari Mjerumani, mwaka 1895. Kinachukua siku kadhaa kwa sababu mzio wa aina hii huja polepole. Unagusa kitu leo, ngozi inalalamika kesho kutwa, wewe ushasahau. Ijumaa, sehemu moja mgongoni ilikuwa imevimba, nyekundu. Kisababishi: methylisothiazolinone, kwa kifupi MI. Nikafika nyumbani, nikageuza ile chupa. Jina lilikuwa hapo nyuma, kwa maandishi madogo.

Sasa, ilifikaje humo? Losheni ina maji, na penye maji bakteria na kuvu hawakosi. Lazima kuwe na kihifadhi. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa sana na parabeni. MI nayo ilikuwepo Ulaya tangu miaka ya 1980, ikichanganywa na kemikali nyingine ya ukoo wake. Mchanganyiko huo uliwasha watu wengi, ukawekewa kikomo cha sehemu 15 kwa milioni. Humo MI ilikuwa robo tu, yaani chini ya sehemu 4.

Mwaka 2004 mtafiti Philippa Darbre na wenzake, Uingereza, waliripoti kwamba wamepata parabeni kwenye sampuli 20 za uvimbe wa titi. Hawakuzilinganisha na titi lisilo na ugonjwa, na hawakuthibitisha kwamba parabeni ndizo zilizoleta saratani. Lakini hofu haisubiri maelezo. Kampuni zikaanza kuziondoa, na pengo likahitaji kujazwa.

Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukaruhusu MI itumike peke yake kwenye vipodozi, hadi sehemu 100 kwa milioni. Ilidhaniwa haina makali kama mwenzake. Shida ni kwamba hata vijidudu haiviui vizuri kama yeye, kwa hivyo inatiwa nyingi. Ikaenea kwenye losheni, shampuu, vitambaa vya kupangusia watoto, hata rangi za ukuta.

Kliniki za ngozi zikaona wagonjwa wakiongezeka. Mwaka 2013 American Contact Dermatitis Society, chama cha madaktari wa Marekani, kikaitangaza MI kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Baadaye Ulaya ikaipiga marufuku kwenye bidhaa zinazobaki mwilini. Na 2019, chama hichohicho kikazitaja parabeni kuwa kitu cha mwaka *kisicholeta* mzio, maana ni nadra sana zimdhuru mtu hivyo.

Kumbe nililipa pesa zaidi kukimbia kitu ambacho pengine kisingenifanya lolote.

Mzio huu ukishaingia hauondoki, kwa hivyo siku hizi naanza kusoma chupa kwa nyuma. Juzi niligeuza ile sabuni ya vyombo. MI ilikuwa hapo pia. Nilimwonyesha Mama. Hakusema kitu, alinipa glavu tu.